Ndizi Iliyomrudisha Mama Kwenye Vidonge

Kwa karibu miezi minne mama yangu, anayeishi Tukuyu, hakumeza hata kidonge kimoja cha presha, na mimi ninayejiona msomi wa familia, nikiwa Uyole, sikuwa na habari. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa sauti na mtu asiyejitaja jina, mwenye sauti nzito kama ya mchungaji, akieleza kwamba kitunguu saumu na ndimu huzibua mishipa kwa siku 21. Zaidi ya hayo, mjukuu wake alikuwa amemwekea kwenye simu programu ya kupimia presha: unaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, kisha majibu yanatokea. Kila asubuhi ilimpa namba za kupendeza, 118 kwa 76 au 121 kwa 79, naye akamshukuru Mungu na ndimu.

Nilianza kwa kuhutubia. Nilimweleza kwamba kamera inaweza kuhesabu mapigo ya moyo kwa kuangalia jinsi damu inavyobadilisha mwanga kidoleni, lakini presha inataka mkanda unaobana mkono. Mama alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nimekula.

Nikanunua Mwanjelwa kipimo cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa kilikuwa rahisi. Nilimpima akiwa amesimama jikoni, mkono unaning'inia, huku akinisimulia msiba wa jirani. Kilisema 181, kisha 149, kisha 166. Mama akacheka: "Mwanangu, changu kinajua kinachosema. Hicho chako kinabahatisha." Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Jioni hiyo, mezani palikuwa na sahani ya ndizi mbivu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Rungwe. Nilichukua simu yake, nikafungua ile programu, nikailaza ndizi juu ya kamera kwa upole ambao sijawahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Taa ikawaka, mstari wa mapigo ukaanza kupanda na kushuka, na baada ya nusu dakika ndizi ikapewa presha ya 119 kwa 77, pamoja na maandishi ya kijani ya kuipongeza. Mama hakusema neno. Aliimenya ile ndizi, akaipima tena mwenyewe bila ganda: 122 kwa 78. Ndipo alipomwita jirani, ambaye alikuja na kiazi mviringo kutoka kwake, nacho kikaonekana kina afya njema kuliko sisi sote.

Kesho yake alikubali kwenda kituo cha afya, ambako walimkuta na 172 kwa 98 na kumrudisha kwenye vidonge vyake.

Kipimo cha nyumbani nilikinunua upya, cha mkono wa juu, kwa shilingi 80,000 na ushei, ukiacha nauli na maneno ya mke wangu kuhusu kile cha kwanza. Muuzaji mmoja alinisihi nichukue chenye mkanda mdogo, ati mikanda yote ni sawa. Si sawa hata kidogo: mkanda unaobana kupita kiasi husoma juu, na mama yangu ana mikono ya mtu aliyelima chai maisha yake yote. Nami niliharibu wiki nzima ya vipimo kwa kumfunga mkanda juu ya sweta, nikiogopa baridi ya Julai, mpaka muuguzi aliponicheka.

Kitunguu saumu bado anakila, wala sina ugomvi nacho. Kwenye nyama kinanoga. Ila sasa, kabla ya kujipima, kwanza huenda kujisaidia, huketi dakika tano akiwa ameegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, na majibu huyaandika kwenye daftari la mahesabu ya chai. Juzi nilifika nikamkuta katika hali hiyo, nikaanza kumsalimu na kumpa habari za njiani, naye akaninyooshea kidole cha mkono usiofungwa, bila kufungua mdomo, mpaka mashine ilipomaliza kupumua.