Nilivyopata kamba kwenye ua wa mkonge

Shamba letu la Muheza limezungukwa na mkonge aliopanda marehemu babu uwe ua. Miaka yote niliupita tu, huku kamba za mbuzi nikinunua dukani, za plastiki, zinazochakaa kwa jua baada ya miezi michache. Mwaka jana nikaona haya. Mtu wa Tanga ananunua kamba! Na kilimo cha mkonge nchini kilianzia huku: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu.

Nikakata majani ya chini kama thelathini, nikayaanika, nikidhani yakikauka singa, yaani nyuzi za ndani ya jani, zitachomoka zenyewe. Wapi! Baada ya wiki nyama ya jani ilikuwa imegandia singa kama gundi. Nikachukua mchi nikatwanga, nikaambulia makapi.

Mzee jirani, aliyefanya kazi ujanani kwenye korona (kiwanda cha kupara mkonge), alinicheka mpaka akakaa chini.

"Mjukuu wangu, mkonge huparwa mbichi. Ukikata asubuhi, jua lisikuzamie hujamaliza."

Basi nikaanza upya. Nilikata mwiba wa nchani kwanza (uliwahi kunichoma mguu, sitaki tena), nikachana kila jani vipande vinne. Kipande nikakilaza juu ya ubao, nikakikanyaga upande mmoja, nikapara kwa panga butu kuelekea nchani. Panga kali hukata singa. Utomvu nao unawasha vibaya. Siku ya kwanza nilipara kifua wazi, usiku sikulala. Maji ya kuoshea singa nilimwaga shimoni, si kijitoni, maana utomvu huo huua samaki.

Kinachovunja moyo ni mavuno. Kilo 100 za majani hutoa singa kavu kama kilo 4, zilizobaki ni maji na takataka. Lakini singa zenyewe, baada ya siku moja juani, zilikuwa nyeupe mpaka mke wangu akaomba za kufumia kapu. Nikamgawia nusu, shingo upande.

Kusokota alinifundisha mzee yuleyule: nyuzi mbili pajani, kila moja isokotwe upande mmoja, kisha zipindane upande wa pili zisifumuke. Paja langu likachubuka, likapona.

Kamba ile ina miezi mitano sasa. Pale shingoni mwa mbuzi nimeizungushia kitambaa, kwa sababu singa humkwaruza.