Mtoto anapopangiwa wodi ya kutwa: siku yenyewe inavyokwenda

Wodi ya kutwa ya watoto ni pale mtoto anapoingia asubuhi, anafanyiwa kilichompeleka, na usiku analala kwao. Humo hufanyika upasuaji mdogo: ngiri, tohara, kushusha korodani, kung'oa meno, kuweka vijibomba masikioni. Pia yapo yasiyogusa kisu kabisa, kama kuongezewa damu, dripu ya dawa ya saa kadhaa, kipimo cha mzio wa chakula, au picha ya ndani ya mwili ya MRI kwa mtoto asiyeweza kutulia. Wazazi wengi hofu yao iko kwenye chumba cha upasuaji. Lakini kinachoharibu siku mara nyingi zaidi ni kilichotokea nyumbani alfajiri ileile, kabla hawajafunga mlango.

Nianze na njaa, maana ndiyo inayoleta kizaazaa. Kama mtoto atapewa dawa ya usingizi, kanuni ya kawaida ni hii, ikihesabiwa kwa muda kabla ya kulazwa usingizi, si saa za ukutani: chakula, pamoja na maziwa ya kopo au ya ng'ombe, mwisho saa 6 kabla, maziwa ya mama mwisho saa 4 kabla (baadhi ya hospitali husema 3), maji mwisho saa 2, na hospitali nyingi siku hizi huruhusu mpaka saa 1 kabla. Kinywaji kinachohesabika pamoja na maji ni kile unachokiona upande wa pili wa glasi. Chenye maziwa, nafaka au nyamanyama za matunda ni chakula, hata kama kinanyweka. Hospitali yako ikikupa saa tofauti na hizi, fuata zake. Na soma saa kwa makini: barua ikiandika 02:00, hiyo ni saa nane usiku, si saa mbili. Ukikosea hapo, mtoto atafika tumbo limejaa.

Sababu yenyewe ni nzito. Mtu aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kukohoa wala kumeza. Kilichomo tumboni kikipanda, hakina wa kukizuia kuingia kwenye mapafu, na kinapanda kikiwa na tindikali. Ndiyo maana biskuti moja aliyopewa na mtu aliyemwonea huruma inaweza kusogeza upasuaji mpaka mchana au kuuahirisha kabisa. Hata pipi na chingamu zina masharti yake, kwa hiyo kagua mifuko ya nguo zake. Akila, sema. Muuguzi hatashangaa, ameshayasikia yote. Kinachomtisha ni mzazi anayenyamaza.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha: kumfungisha mtoto tangu jioni "kwa usalama". Mtoto aliyekaa saa 12 bila hata maji hufika amenyong'onyea, ana hasira, na mishipa yake imejificha kiasi kwamba kupata pa kuweka kanula (kijibomba cha mshipani) kunakuwa kazi ya kuchomwa mara tatu. Kwa mtoto mchanga, hata sukari ya damu inaweza kushuka. Kwa mwenye selimundu (sikoseli), upungufu wa maji unaweza kuamsha maumivu makali. Kwa hiyo kama ameruhusiwa maji mpaka saa fulani, mpe mpaka saa hiyo, hata ikibidi kumwamsha.

Piga simu kabla ya kutoka nyumbani kama ana homa, anakohoa makohozi, anakoroma kifua, anatapika, anaharisha au ametokwa na vipele. Kamasi jepesi peke yake mara nyingi si kikwazo. Kifua ni habari nyingine: njia ya hewa iliyotoka kuugua hubaki na ukali kwa wiki kadhaa, na wakati wa usingizi koo linaweza kujibana ghafla na kuzuia pumzi. Daktari wa usingizi akiahirisha kwa sababu hiyo, ujue hakupoteza muda wako. Sema pia kama mtoto amekaa karibu na mwenye tetekuwanga ndani ya wiki 3 zilizopita, hata kama yeye haonyeshi dalili yoyote. Vitanda vya jirani vinaweza kuwa na watoto wa saratani ambao ugonjwa huo unaweza kuwaua. Chanjo ya karibuni nayo itaje.

Anayekwenda na mtoto awe mzazi au mlezi anayetambulika kisheria, kwa sababu kuna karatasi ya ridhaa ya kusaini. Bibi au shangazi anaweza kuwa ndiye anayemlea kila siku, na bado saini yake ikakataliwa, kila mtu akabaki anatafutwa kwa simu. Beba dawa zote anazotumia zikiwa kwenye vifungashio vyake, pampu ya pumu, kadi ya kliniki, nguo za kubadilisha zaidi ya moja, shati la kufungua kwa mbele, kikombe alichokizoea na kile kidoli asicholala bila hicho. Rangi ya kucha ifutwe, maana kipimo cha oksijeni hubanwa kidoleni na husoma kwa mwanga. Ndugu zake wabaki nyumbani kama inawezekana.

Ukifika, atapimwa uzito, joto, mapigo na oksijeni. Uzito ndio mama wa mengine yote, kwani karibu kila dawa atakayopewa inahesabiwa kwa kilo. Uandike mahali, utauhitaji jioni. Atavishwa utepe wa jina mkononi, kisha utaanza kuulizwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anafanyiwa nini, na muuguzi, na daktari mpasuaji, na daktari wa usingizi, na tena mlangoni. Si kwamba hawasomi faili. Ni utaratibu wa makusudi: Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, na kumthibitisha mgonjwa ni moja ya hatua zake za kwanza. Kama kinachopasuliwa kina kushoto na kulia, daktari atachora alama kwa kalamu. Iangalie mwenyewe. Ikiwa upande sio, sema papo hapo.

Katika maswali yao, haya usiyapitie haraka: jino linalolegea (linaweza kung'oka likaingia njia ya hewa), mzio, kukoroma usiku, selimundu, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo makubwa kwenye dawa ya usingizi. Mtoto aliyezaliwa njiti ana la ziada. Akiwa bado hajatimiza wiki 60, zikihesabiwa tangu hedhi ya mwisho ya mama kabla ya mimba, anaweza kusahau kupumua baada ya usingizi, hivyo kwa kawaida atalazwa usiku mmoja afuatiliwe. Beba mfuko wenye vitu vya kulala.

Kisha kusubiri. Kuitwa saa moja asubuhi hakuna maana ya kuingia saa moja. Kwa kawaida wachanga hutangulizwa, pamoja na wenye kisukari. Upasuaji wa mbele yenu ukichelewa, nanyi mnachelewa. Ukiona muda umesogea sana, uliza kama anaweza kupewa maji tena. Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila hakuna atakayekumbuka usipouliza.

Katika kusubiri huko, anapakwa krimu ya ganzi mgongoni mwa kiganja au kwenye kiwiko, juu inafunikwa kwa plasta ya plastiki. Zipo za aina mbili zinazotumika sana. Ya lidokaini na prilokaini inataka dakika 60. Ya tetrakaini dakika 30 hadi 45. Ikipakwa dakika 20 kabla ya sindano ni mapambo tu. Ile ya kwanza hupausha ngozi na kuubana mshipa, kwa hiyo muuguzi mzoefu huifuta na kusubiri dakika chache ndipo achome. Hupakwa sehemu mbili kwa sababu mshipa wa kwanza unaweza kugoma. Kwa mdogo anayenyonya vidole, omba izungushiwe bandeji asije akailamba midomo ikafa ganzi.

Kwenye chumba cha kulaza usingizi kwa kawaida huruhusiwa mzazi mmoja. Amueni mapema nani, na awe mwenye moyo mtulivu kuliko mwenye haki zaidi. Dawa ikiingia kwa kanula, mara nyingi ni nyeupe kama maziwa. Inaweza kuwasha mkono, kisha ndani ya nusu dakika amelala katikati ya neno. Ikiwa ni gesi ya barakoa, huchukua dakika moja hivi, na hapa ndipo wazazi huvunjika moyo. Mtoto anapindua macho, anatupa miguu, anakoroma kwa sauti ya ajabu, pengine anapambana na mkono ulioshika barakoa. Ubongo unapitia hatua ya fujo kabla ya kutulia. Hasikii maumivu na hatakumbuka. Mshike, ongea naye kwa sauti ya kila siku, mbusu ukiambiwa, toka. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini usijikaze. Wafanyakazi hawana mkono wa ziada wa kukudaka.

Upasuaji wa dakika 20 unaweza kumtoa machoni pako kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa kulazwa, kupasuliwa na kuamka vyote vimo humo. Tumia muda huo kula. Nawe umekaa njaa.

Kuamka kunaweza kuwa sehemu ngumu kuliko zote. Watoto wa miaka 2 hadi 5 hasa huamka wakilia, wakijitupa, wakimtazama mama kana kwamba hawamjui. Hudumu dakika 10 hadi 30 na huisha kwenyewe. Kumuuliza maswali au kumbadilishia mikono kila mara huongeza vurugu. Mkumbatie, punguza sauti, linda kanula isichomolewe. Kama alichomwa ganzi ya chini ya mgongo, miguu itakuwa dhaifu kwa saa kadhaa, usimsimamishe peke yake. Anza na maji kidogo kidogo.

Ataruhusiwa akiwa macho vizuri, maumivu yametulia, hatapiki kila anachokunywa, na kwa baadhi ya upasuaji mpaka akojoe. Kabla ya kuondoka uliza swali moja: dawa ya maumivu ya mwisho amepewa saa ngapi, na ni ipi? Bila jibu hilo, nyumbani utamzidishia au utamwacha ateseke. Parasetamoli huhesabiwa miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180: kwa sirapu ya miligramu 120 kwenye mililita 5, mpe mililita 7.5, kwa ile ya miligramu 250 kwenye mililita 5, mpe 3.6 tu. Chupa zinafanana, kwa hiyo soma lebo, na pima kwa bomba la sindano, si kijiko cha jikoni. Siku 2 za mwanzo mpe kwa saa zake bila kungoja alie. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 bila daktari kuagiza, na kodeini (dawa kali ya maumivu) iliyobaki ya mtu mzima isiguswe. Miili ya baadhi ya watoto huigeuza kuwa mofini haraka mno wakashindwa kupumua.

Njiani, kama ni gari, mtu mzima wa pili akae naye nyuma, kwa kuwa kichwa cha mtoto mwenye usingizi huanguka mbele na kuziba koo. Kwa saa 24 asipande baiskeli wala asikwee chochote. Rudi hospitali bila kungoja asubuhi kama bandeji inalowa damu, anapumua kwa shida, hazinduki vizuri, anatapika mfululizo, au hajakojoa kwa saa 12. Kwa aliyeondolewa mafindofindo, utando mweupe kooni ni wa kawaida, ila damu ni dharura hata ikiwa kidogo, na mara nyingi hutokea siku ya 5 hadi ya 10, wakati kila mtu ameshasahau. Kwa hiyo namba ya wodi ikifungwa jioni, omba na ile inayopokelewa usiku, uiweke kwenye simu kabla hamjatoka getini.