Chagueni mbili

Jamani, kozi ya fedha za kimataifa ndiyo iliyonikamata semista hii. Nilidhani ni hesabu za kubadilisha dola, basi.

Juzi mhadhiri kachora pembetatu ubaoni. Kona moja: thamani ya sarafu isiyoyumba. Ya pili: mitaji kuingia na kutoka bila kizuizi. Ya tatu: benki kuu kujiamulia riba. Akasema chagueni mbili, zote tatu hampati. Darasa zima likaguna. Jamaa mmoja wa nyuma akauliza, "Hata Marekani?" Akajibiwa: hata wao, ndiyo maana thamani ya dola wameliachia soko.

Somo lilipofika kwetu Tanzania ndipo nikasahau hata njaa. Enzi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa shilingi zetu kabla ya benki kuu, shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza, na kwa muda mrefu makao ya bodi yalikuwa London. Thamani ilitulia, sawa, ila riba nani aliamua? Si sisi. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikaanza kazi. Baadaye tukabana fedha za kigeni, thamani tukapanga wenyewe. Ikaja 1986, wakati wa mapatano na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa kutoka kama 17 kwa dola hadi 40. Shangazi anaikumbuka miaka ile kwa foleni za sukari tu, na simlaumu.

Testi ni Ijumaa. Mwenye desa la madeni ya nje anirushie, langu halisomeki.