Chati ya kutua kwa macho, Dodoma: toleo la tatu

Toleo la tatu la chati yangu ya Uwanja wa Ndege wa Dodoma (HTDO kwa herufi za marubani) limefika hatua ya kuchapwa. Kwa mnaoingia sasa: hii ni karatasi moja ya rubani anayeruka kwa kutazama nje, imwambie apite wapi na atafute nini mpaka aione njia ya kurukia. Naichora kwa ajili yetu wa simuleta, tunaorusha ndege za kwenye kompyuta. Anayerusha ndege ya kweli ana taarifa rasmi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambazo mabadiliko yake hufuata ratiba ya dunia nzima ya kila siku 28. Mimi hubadilisha nikipata nafasi na umeme ukiwepo, basi msije mkaniweka kwenye ndege yenye abiria.

Kilichonirudisha kazini ni mji wenyewe. Mwinuko wa ardhi nautoa kwenye data za SRTM, zilizopimwa kwa rada ya chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Milima haijasogea tangu hapo. Mlimwa na Imagi viko palepale. Lakini UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianzishwa 2007, na Mji wa Serikali pale Mtumba ukaja miaka mingi baadaye, kwa hiyo rada ile inaona vichaka na mawe mahali ambapo leo rubani anaona mabati na vioo vinammulika usoni. Hayo yote nimeyaweka kwa mkono juu ya picha za setilaiti. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112, imeingia pia, na nakiri naipenda: ukiivuka tu, unajua umeshaufikia mji.

Reli imenisumbua zaidi. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Dodoma 1910, na kwa marubani wa zamani ilikuwa kamba ya kushika kutoka Morogoro hadi huku: ifuate, utafika. Sasa ipo na SGR, reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma 2024. Kwa juu SGR ndiyo inayoonekana haraka, maana tuta lake limenyooka na udongo wake bado mwekundu, wakati ile ya zamani inajificha kwenye miti na nyumba. Nimechora zote mbili, SGR kwa mstari mnene. Nguzo zake za umeme nimeziwekea alama kila inapokatiza njia ya mtu anayekuja chinichini.

Suala la maji lilileta ubishi. Nilimpelekea nakala mzee mmoja rubani mstaafu, akaitazama kimya, kisha akauliza, "Kijana, Hombolo hii ni ya mwezi wa ngapi?" Nikamwambia, "Ya Machi, mzee. Ya Oktoba ni ile ya nukta nukta, ndani yake." Akatikisa kichwa: kwake yeye bwawa linalonywea kiangazi halifai kuitwa alama. Sijamfuata moja kwa moja. Bwawa la Hombolo, hata likipungua, bado ndilo maji makubwa kuliko yote upande wa kaskazini mashariki. Vijito na malambo madogo ndivyo nilivyofuta vyote. Mtu akitafuta lambo mwezi wa kumi atakuta uwanda mweupe wenye ng'ombe. Badala yake nimeongeza mashamba ya zabibu yanayomwagiliwa, kwa sababu kiangazi, nchi nzima ikiwa rangi ya kahawia, yale mabaka ya kijani yananyooka kingo na huwezi kuyakosa.

Hombolo hiyohiyo ndiyo imeamua ukubwa wa karatasi. Kwa kipimo cha 1:250,000, kinachopendekezwa kimataifa kwa chati za aina hii, sentimita moja ni kilomita mbili na nusu. A5 inakaa vizuri gotini lakini inaliacha bwawa nje. A4 ya kulala inalichukua, pamoja na Mvumi na Chamwino. Mtakunja.

Rangi za mwinuko nimezipanga upya. Zile za kawaida huanzia usawa wa bahari, na huku ukizitumia karatasi nzima inakuwa rangi moja, maana uwanja wenyewe uko futi 3,673 juu. Nimeanza kuhesabu kutoka uwanjani: chini yake hakuna rangi, kisha kila futi 500 rangi inakolea. Sasa vilima vinasimama.

Kwenye kona nimeweka jedwali dogo la joto, na hapo sikubali kubishiwa. Siku ya nyuzi 30, hewa ya uwanja huu ni nyepesi kama ya futi 6,300 hivi. Maana yake, saa ya mwendo ikionyesha noti 65 (maili za baharini kwa saa), ndege kwa kweli inakwenda kama 71. Watu wa simuleta waliozoea Dar es Salaam hufika na mwendo uleule wa kwenye saa, wakiona ardhi inakimbia wanapunguza mwendo, na ndege inaishiwa nguvu kabla ya lami. Soma saa, achana na ardhi.

Kilichobaki ni Msalato. Kiwanja kipya kinajengwa kaskazini ya mji, kilomita kama 12, chenye njia ya kilomita 3.6. Kwa jicho la anayekuja kutoka Kondoa, lami ndefu iliyo porini inavutia kuliko ile fupi iliyobanwa na nyumba, na kutua kiwanja kisicho chako ni kosa lililowahi kuwapata hata marubani wa mashirika makubwa duniani. Kwa sasa nimekichora kwa kijivu chenye msalaba, na mshale unaosema "endelea kusini, mpaka uone mji." Kikifunguliwa, chati nzima itabidi ianze upya, mizunguko ya ndege zinazojipanga kutua kwenye viwanja vyote viwili ikae bila kugongana, na hilo litakuwa toleo la nne.

Nikisubiri hilo, naanza Singida. Kule kuna Singidani na Kindai, maziwa mawili kandokando ya mji, kwa hiyo nategemea wepesi kidogo. Mwenye picha za angani za kiangazi, hasa za Septemba na Oktoba, naziomba.