Nilivyopata Eagle Scout kwa mradi wa makaburini

Mtu akisikia nina cheo cha Eagle Scout, huniuliza kwanza, "Ulijenga nini?" Swali lina sababu. Maskauti wengi wa Marekani hufikia cheo hicho kwa kutengeneza mabenchi ya bustani, daraja la miguu kwenye njia ya msituni, au vitanda vya mboga shuleni. Sisi hatukujenga kitu. Tuliorodhesha makaburi ya zamani, tukayachorea ramani, tukasafisha mawe yake.

Kwa asiyekijua cheo hiki, ndicho cha juu kabisa kwa skauti kijana kule, na wa kwanza kukipata alikuwa Arthur Eldred mwaka 1912. Unatakiwa uwe na beji 21 za ustadi, uwe umeshika wadhifa katika kundi lako, na mradi uwe umekamilika kabla hujatimiza miaka 18. Wasichana waliruhusiwa kuingia kwenye safari hiyo mwaka 2019. Beji zinataka uvumilivu tu. Mradi ndio unaowakwamisha wengi, na nadhani ni kwa sababu wanauelewa vibaya tangu mwanzo.

Sharti ni kwamba skauti apange mradi, auendeleze na awaongoze wengine kuutekeleza, kwa faida ya shule, taasisi ya dini au jamii. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Mradi hauwezi kuwa wa kumsaidia mfanyabiashara, wala hauwezi kuwa wa kuchangisha fedha tu. Na ukifanya kazi yote kwa mikono yako, hata iwe nzuri namna gani, hujatimiza. Hapo ndipo penye mtihani. Sisi tuliolelewa tukiambiwa mchapakazi ni yule anayeshika jembe mwenyewe tunaona aibu kusimama pembeni huku wengine wakifanya kazi.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki Kenya tarehe 8 Januari 1941 na akazikwa Nyeri. Jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa maskauti maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Kaburi lile linatunzwa na maskauti hutoka nchi nyingi kwenda kulizuru. Nilikuwa naijua picha yake tangu utotoni. Siku moja nilipita kwenye makaburi ya mji karibu na mahali tulipokutania, nikaona mawe ambayo hata jina la marehemu halisomeki. Rejista ya mji nayo ilikuwa na mapengo. Watu wale walikuwa wanapotea mara ya pili, na jambo hilo liliniuma.

Nilipompelekea kiongozi wangu wazo la kusafisha makaburi, hakulikubali lilivyo. Kufyeka nyasi na kuokota takataka ni kazi ya kawaida ya mwenye mali, na mwongozo wa skauti unasema kazi za namna hiyo kwa kawaida hazifai kuwa mradi wa Eagle. Akaniuliza, "Ukishaondoka, mji utabaki na kitu gani ambacho haukuwa nacho?" Swali hilo ndilo lililouzaa mradi. Jibu lilikuwa ramani yenye namba ya kila kaburi, orodha ya majina na tarehe, na mawe yaliyosafishwa kwa njia isiyoyaharibu. Nikaandika pendekezo. Kabla ya kugusa chochote unahitaji saini nne: ya mnufaika, ya kiongozi wa kundi, ya kamati ya kundi na ya baraza la skauti la eneo. Nawasihi wanaoanza wasiudharau muda wa kusubiri saini hizo.

Muda huo niliutumia kujifunza mawe. Mengi ya karne ya 19 ni ya marumaru, na marumaru huliwa polepole na tindikali iliyomo kwenye mvua, ndiyo maana herufi hufifia. Anayetaka kusaidia huja na dawa ya klorini, brashi ya waya au mashine ya maji ya kasi, na jiwe linang'aa siku ile ile. Lakini klorini huacha chumvi ndani ya jiwe, chumvi ikikauka inavimba na kulipasua. Waya na maji ya kasi huondoa ngozi ya juu pamoja na maandishi yenyewe. Sisi tulitumia maji safi mengi, brashi laini ya nailoni, na vijiti vya mbao vya kukwangulia kuvumwani, yaani ule utando unaoota juu ya mawe. Jiwe linaloweshwa kwanza, kisha unasugua kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasiteremke kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Jiwe linalobanduka magamba halikuguswa kabisa.

Maandishi yaliyofifia yana siri yake. Ukishika kioo pembeni ukaurusha mwanga wa jua ubavuni mwa jiwe, vivuli huingia kwenye mikwaruzo na jina linajitokeza. Watu wengine hupaka chaki au povu la kunyolea. Wasifanye hivyo, vitu hivyo hubaki kwenye jiwe.

Kwa kazi ya kusoma niligawa watu watatu watatu. Mmoja anashika kioo, wa pili anasoma herufi moja moja kwa sauti, wa tatu anaandika huku akirudia alichosikia. Kanuni ilikuwa moja: andika unachokiona, usiandike unachodhani. Herufi isiyosomeka inawekewa kistari, hata kama jina linabashirika. Halafu timu nyingine inapita safu ile ile bila kuona karatasi ya wenzao, na palipo na tofauti wawili wakubwa wanarudi kuamua. Huo ndio uamuzi ninaojivunia kuliko mwingine wowote katika mradi, kwa sababu uliwapa hata wadogo wa miaka 11 kazi kamili, yenye uzito, ambayo wangeweza kuifanya vizuri bila mimi kuwa juu yao. Nilibaki na kazi ya kuzunguka, kujibu maswali na kubadilisha watu walipochoka.

Usalama haukuwa wa kujadili. Jiwe la kaburi linaweza kuwa na uzito wa watu kadhaa, na lililoinama linaweza kumwangukia mtoto. Kabla ya kundi kuingia, watu wazima walipita na kuchomeka bendera nyekundu kwenye kila jiwe lenye shaka, na penye bendera hakuna aliyesogea. Muda wote walikuwepo angalau watu wazima wawili wenye umri wa miaka 21 au zaidi, kama kanuni za skauti zinavyotaka.

Timu moja ya wadogo iliniita kwenye mawe manne madogo ya familia moja. Watoto wote walikuwa wamefariki ndani ya majuma machache. Waliniuliza inawezekanaje. Niliwaeleza kwamba kabla ya chanjo, ugonjwa kama dondakoo uliweza kumaliza watoto wa nyumba nzima. Tangu hapo sikuhitaji kumkumbusha mtu yeyote asome kwa makini.

Baada ya kazi huja ripoti, saini za kukamilisha na barua za watu wanaokufahamu. Mwisho ni jopo la tathmini, watu wasiopungua watatu na wasiozidi sita, na uamuzi wao lazima uwe wa pamoja. Mzazi wako hamo, kiongozi wako hamo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za marumaru. Waliniuliza zaidi kuhusu watu: nilifanyaje na mkubwa asiyependa kuelekezwa na mdogo wake? Nikawaambia nilimkabidhi ramani yote, kwa kuwa alikuwa na jicho zuri la vipimo kuliko mimi, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinielekeza mimi kuhusu safu.

Walinitoa nje wakajadiliana, wakaniita na kunipa mkono. Orodha na ramani vilikwenda kwa ofisi ya mji na kuunganishwa na rejista. Ile orodha ya bendera nyekundu, niliyoiambatisha kama nyongeza tu, ndiyo waliyoitumia kwanza: walimleta fundi wa mawe aanze na safu iliyo kando ya njia wanayopita watoto wa shule.