Kutoka Greensboro hadi Martinsville: Gari Jipya Mbele ya Mashabiki Wake

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2024 niliondoka Greensboro, North Carolina, saa mbili asubuhi, nikiwa na rafiki yangu mzaliwa wa Uvira, Kongo, fundi wa magari ambaye mimi humwita kaka kwa kuwa amenizidi umri. Tulishika barabara ya 220 kuelekea kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 80 hivi, kwenda kutazama mashindano ya magari ya NASCAR katika uwanja wa Martinsville, ng'ambo ya mpaka wa Virginia. Tiketi tulipewa na mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani, mtu wa mashambani huko huko njiani tulikokuwa tunapita, ambaye kwa miaka miwili mfululizo nilikuwa nikimsikia kila Jumatatu akibishana na vijana wa zamu yetu kuhusu gari jipya la mashindano hayo. Yeye alishikilia kwamba gari hilo limeua mbio za viwanja vifupi, yaani vile ambavyo mzunguko wake haufiki maili moja. Vijana walimjibu kwamba mbio hazijawahi kuwa nzuri kama sasa. Mwishowe aliniambia, "Mwanangu, njoo ukae karibu nami uone kwa macho yako."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuufuatilia mchezo huu, inafaa nieleze kwamba Wamarekani huyaita magari haya ya stoku, yaani magari kama yalivyotoka dukani, kwa sababu mashindano yake ya kwanza ya mwaka 1949 yalikuwa ya magari ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyanunua. Leo hakuna kitu cha dukani ndani yake isipokuwa sura na jina, lakini shabiki bado anataka gari analolishangilia lifanane na lile lililoegeshwa nyumbani kwake. Nilikulia Nakuru, na jambo hilo sikulazimika kufundishwa. Wazee wetu waliyatazama magari ya Safari Rally kwa jicho hilo hilo: Peugeot 504 iliyoshinda mwaka 1975 na 1978 ilikuwa ndugu ya ile iliyobeba abiria na magunia yetu ya viazi, na ushindi wake ulikuwa kama ushahidi kwamba mwenye gari hakukosea kulinunua.

Tulipovuka Madison na Mayodan, barabara ikaanza kujaa magari yenye bendera za namba za madereva: 24, 9, 11, 5. Kaka, aliyekuwa ameendesha kimya kwa muda, aliniuliza hasa ni kitu gani kilichobadilishwa hata watu wazima wagombane. Nilimsomea niliyokuwa nimeyaandika. Gari hili la kizazi kipya liliingia mwaka 2022. Rimu za chuma za inchi 15 zenye nati tano ziliondolewa, zikaja rimu za alumini za inchi 18 zenye nati moja kubwa katikati. Ekseli nzima ya nyuma iliondolewa, na sasa kila gurudumu la nyuma lina springi na mikono yake. Giaboksi ya gia nne ya kupangua kwa mkono ilibadilishwa kwa ya gia tano ambayo dereva husukuma na kuvuta tu. Bodi ya bati iliyofinyangwa na kila timu ikawa ya vipande vya plastiki ngumu vinavyotoka kwa mtengenezaji mmoja, na chini ya gari sakafu ikafungwa iwe bapa. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, hapo hawakurekebisha gari. Walitengeneza jingine."

Tulifika uwanjani mapema na kumkuta mzee ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya gari lake. Uwanja wa Martinsville ulijengwa mwaka 1947, na ndio pekee uliobaki katika ratiba ya ligi kuu tangu mwaka ule wa kwanza wa 1949. Mzunguko wake ni mita 850 hivi tu, mfano wa kibanio cha karatasi: nyoofu mbili za lami na ncha mbili za zege zenye kona kali. Upande wa nyuma, juu ya uwanja, inapita reli. Mshindi hapewi kombe la kawaida bali saa ndefu ya kusimama, desturi iliyoanza mwaka 1964, na dereva Richard Petty, aliyezaliwa Level Cross kusini mwa Greensboro, alishinda hapa mara 15. Mzee alikuwa na miaka saba alipomwona Petty, na aliponionyesha kwa kidole mahali alipokuwa amesimama na baba yake siku hiyo, sauti yake ilibadilika.

Tukiwa hapo tunakula soseji nyekundu za Martinsville, zilizolazwa ndani ya mkate pamoja na kabichi na vitunguu, mashabiki wenzake walianza kusogea, na mjadala ukaanza bila kuchochewa na mtu. Kuhusu sura ya gari, nilishangaa kukuta wanakubaliana. Walikumbuka Gari la Kesho, jina la gari jingine lililokuwa jipya enzi zake, lililoanza kukimbia uwanja wa Bristol mwaka 2007, likiwa refu kwenda juu, na bawa la nyuma ambalo hakuna gari la barabarani lililokuwa nalo; dereva Kyle Busch alishinda siku hiyo hiyo ya kwanza, na akiwa mshindi akatangaza kwamba gari lenyewe ni baya. Bawa hilo liliondolewa mwaka 2010. Gari la sasa, walisema, angalau lina sura ya Mustang, Camaro na Camry, na msimu huo Ford na Toyota walikuwa wameleta nyuso mpya kabisa. Mama mmoja aliyevaa kofia ya namba 11 alilalamikia jambo moja tu, kwamba namba ya ubavuni imesogezwa mbele karibu na gurudumu ili wadhamini wapate nafasi. Alisema anaona kama mtu amevaa shati upande.

Lakini walipofika kwenye suala la msisimko, maneno yalikuwa mazito. Mzee alitoa mfukoni nati ya zamani yenye rangi ya manjano, aliyoiokota zamani katika njia ya kubadilishia matairi, akampa kaka. Zamani, alieleza, nati tano zilibandikwa kwa gundi kwenye kila rimu, na shabiki aliyezoea aliweza kusikia mlio wa spana ya upepo mara tano na kujua kama fundi amekosea moja. Sasa ni mlio mmoja, na gari linaondoka kabla ya sekunde 10. Kijana mmoja alimjibu kwa heshima kwamba mlio si mbio: mwaka 2022, msimu wa kwanza wa gari hili, walishinda madereva 19 tofauti, na kwenye viwanja vya maili moja na nusu, ambavyo zamani viliwachosha watu, sasa magari yanapitana ubavu kwa ubavu. Mzee alikiri. "Huko, ndiyo," alisema. "Lakini hapa si huko."

Wote walikuwa bado na moto wa Bristol. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, kwenye uwanja huo wa Tennessee, matairi yaliisha haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia, madereva wakalazimika kuyatunza kama mtu anayetunza maji ya safari, na uongozi wa mbio ulibadilika mara 54, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kwenye uwanja mfupi. Ni magari matano tu yaliyomaliza bila kuachwa mzunguko. Gari lilikuwa lile lile linalolalamikiwa. Kaka alilikamata jambo hilo mara moja, akaniambia kwa Kiswahili kwamba basi ugonjwa si gari peke yake, ni kwamba gari linashika barabara kupita nguvu za injini yake.

Saa tisa alasiri mbio zilianza, Kyle Larson akiwa wa kwanza kwenye mstari. Nilikuwa nimeonywa kuhusu kelele, na niliziba masikio, lakini kelele za magari zaidi ya thelathini ndani ya bakuli dogo kama lile huingia kifuani. Mizunguko ya kwanza ilinivutia mno. Kisha nikaanza kuona alichokuwa akikisema mzee. Gari moja lililokuwa na kasi zaidi lilimfikia mwenzake, likamkaribia hadi bampa kugusana, kisha likakaa hapo hapo, mzunguko baada ya mzunguko, zaidi ya ishirini kwa hesabu yangu, bila kumpita. Mzee alinielekeza nisitazame magari bali nitazame mahali wanapokanyaga breki. Rimu kubwa zimetoa nafasi ya breki kubwa, kwa hiyo wote huchelewa kukanyaga na wote huchelewa sawa. Zamani dereva alikaa katika gia moja, na akitoka vibaya kwenye kona gari lilizubaa na wa nyuma akampita. Sasa anashusha gia na kosa linafunikwa. Tena wakati huo injini ilitoa nguvu farasi 670 tu, ilhali tairi ni pana, hivyo mguu haupati adhabu kwa pupa yake. Na anayefuata kwa karibu hupoteza mshiko kwa sababu upepo unaotoka kwa wa mbele umevurugika. Mashabiki huuita hewa chafu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Nilikuwa nimedhani anachokosa mzee ni ujana wake. Alichokosa ni kosa la dereva: ile sekunde gari linapoteleza mkia, watu elfu nyingi wakasimama kwa pamoja kwa kuwa wanajua kuna mtu wa kulitumia. Hata tukio kuu ambalo gari hili limeupa uwanja wa Martinsville, la Oktoba 2022, lilikuwa la namna hiyo. Ross Chastain, mtoto wa wakulima wa matikiti, aliweka gia ya tano katika mzunguko wa mwisho, akaliegemeza gari ukutani bila kuachia mafuta, na kuwapita watu watano. Mashabiki walishangilia wazimu wa dereva, na bodi mpya ilistahimili. Baadaye waandaaji walisema atakayerudia ataadhibiwa.

Kabla ya mwisho kulitokea ajali, na mbio zilizopangwa kuwa za mizunguko 400 ziliongezwa hadi 415. Wote walisimama. Mbio zilipoanzishwa upya, William Byron, dereva wa namba 24, alikuwa mbele na hakupitwa; Larson akawa wa pili na Chase Elliott wa tatu, wote wa timu ya Hendrick, iliyokuwa ikiadhimisha miaka 40 tangu ushindi wake wa kwanza, uliopatikana hapo hapo mwaka 1984. Wenye kofia za 24 walikumbatiana hadi machozi, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Mzee alipiga makofi kwa heshima, akakaa, na kuanza kufungasha virago vyake. Wakati huo treni ya mizigo ilipita juu ya nyoofu ya nyuma, na watoto waliokuwa mbele yetu wakageuka kuipungia mkono.

Tulirudi polepole katika foleni ndefu. Kaka alikuwa bado na nati ya manjano, kwani mzee alikataa kuipokea, na njia nzima alinipigia hesabu: wakipunguza upana wa tairi itakuwaje, wakiongeza nguvu itakuwaje, wakilitumia tairi linaloisha haraka itakuwaje. Alisema angeanza na injini. Mwezi Oktoba 2025 NASCAR ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026, viwanja vilivyo chini ya maili moja na nusu vitatumia nguvu farasi 750. Mzee, ambaye sasa amestaafu, alinipigia simu jioni ile ile kunisomea habari hiyo neno kwa neno, kisha akauliza kama kaka atapata ruhusa Jumapili ya Martinsville. Tumekubaliana kwamba safari hii tutakaa kwenye kona ya tatu, mahali wanapokanyaga breki.