Hita ya Lori, Minneapolis

Jioni ya Januari 29, 2019, posta ilikuwa imeshatangaza kwamba kesho yake haitasambaza barua Minnesota kwa sababu ya baridi. Mimi nilikuwa na mzigo wa kupeleka St. Cloud alfajiri, na lori kuukuu la dizeli ambalo aliyeniuzia aliapa kwamba hita ya injini ni nzima.

Nimekulia Iringa. Kule lori likipanda Kitonga, dereva anaomba injini isichemke; huku unainunulia umeme ipate joto! Lakini dizeli haiwashwi kwa cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na chuma kikiwa baridi mno kinalinyonya joto lote hilo.

Nikamwita jirani yangu, mzee wa Bukavu, fundi wa siku nyingi.

"Chomeka, halafu unyamaze," akasema.

Hita nzima huwa unaisikia: baada ya muda mfupi kulanti, maji ya kupozea injini yanayoizunguka, inaanza kulia chiii. Tukainamisha vichwa kwenye boneti. Kimya.

"Labda soketi, mzee."

Akachomeka taa kwenye ekstensheni ileile, ikawaka. Akatoa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, akagusisha waya zake kwenye meno mawili ya plagi ya lori. Hita ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 120 inatakiwa kusoma ukinzani wa omu 14 na ushee. Hii haikusoma kitu. Njia imekatika mahali.

Wengi wangeishia hapo na kuagiza hita nyingine, kazi ya kumwaga kulanti juu ya theluji usiku ule. Mzee akagoma.

"Mwanangu, kinachoteseka ni waya. Ingia chini."

Nikatandika boksi, nikalala chali, nikachomoa waya kwenye hita yenyewe. Tundu moja lilikuwa jeusi, limeungua. Tukapima pini za hita: 14.6. Tukapima kati ya pini na chuma cha injini: hakuna kitu, na hapo ndipo unapotaka pasiwe na kitu, la sivyo umeme unavuja na lori zima linaweza kukupiga shoti.

Duka la spea lilikuwa linakaribia kufungwa. Waya mpya ukaingia, na nilipochomeka, chiii. Mzee akaenda zake kulala hata hajanisubiri nimshukuru.

Alfajiri ilikuwa hasi 33 za Selsiasi. Stata ikazunguka kivivu, injini ikashika. Nilikuwa bado nakwangua barafu kwenye kioo mteja alipopiga simu: ghala halifunguliwi leo, baridi imezidi.